Mapaa ya Kariakoo na Safari ya Elektroni

Karne nyingi kabla Sultani Majid hajaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam miaka ya 1860, wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakitoa chuma katika mawe. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza matanuri yao ya kale, yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Katika mawe hayo kila atomu ya chuma ilikwisha kupokonywa elektroni tatu na oksijeni. Gesi ya mkaa, kwa nguvu ya mivukuto, ilizirudisha na kuondoka na oksijeni. Kazi kubwa mno!

Hewa ya chumvi ya mwambao huitengua kazi hiyo, na mapaa ya zamani ya Kariakoo, Dar es Salaam, yalikuwa ushahidi. Baada ya makuti yalikuja madebe ya mafuta ya taa, yaliyopasuliwa na kupigwa bapa. Debe ni chuma kilichopakwa stani, na stani hung'ang'ania elektroni zake kuliko chuma. Msumari ukishalitoboa, chuma ndicho hutangulia kutoa, na kutu hula haraka kuliko kama stani isingekuwapo kabisa. Paa la maskini lilikuwa na adui ndani yake.

Bati la zinki ni kinyume. Likikwaruzwa, zinki ya pembeni huachia elektroni mbili kwa kila atomu, ikaliwa yenyewe, chuma kikapona. Mhandisi Stanislas Sorel alipata hataza ya upakaji huo Ufaransa mwaka 1837, miaka 60 kabla mwanafizikia J. J. Thomson hajaitambua elektroni yenyewe. Mikono ilitangulia nadharia, Paris kama Buhaya.

Betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa miaka ya 1960, zilitumia ukarimu huohuo wa zinki: elektroni zilipitishwa kwenye redio kwanza, ndipo zikafika kwa manganizi.

Leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi mnunuzi huuliza rangi na geji. Geji humwambia unene wa bati. Haimwambii gramu za zinki kwa kila mita ya mraba. Anayejenga Kigamboni, upepo wa bahari ukimpiga usiku na mchana, aulize gramu hizo kabla hajatoa fedha, kwa sababu zikiisha, chuma ndicho kitakachofuata.