Gia inapogoma katika boti kuukuu: Kagua kebo kabla ya kufungua mguu

Nahodha anayekaribia gati hutegemea kwamba akiurudisha mkono wa gia, propela itaachilia na chombo kitapunguza mwendo. Katika boti kuukuu ambazo injini yake imefungwa ndani na mguu wa propela ukaning'inia nje ya tezi, tegemeo hilo huvunjika mara kwa mara. Gia hukataa kuingia, hung'ang'ania isitoke, au injini huzimika papo hapo chombo kinapohitaji kurudi nyuma.

Mtindo huu wa mashine uliletwa sokoni na kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi mwaka wa 1959 kwa jina Aquamatic, kisha MerCruiser ya Marekani ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika Pwani ya Kenya, ambako wavuvi wengi hutumia mashine za kupachika, mtindo huu huonekana zaidi katika boti za starehe na za uvuvi wa michezo.

Kosa la wamiliki wengi ni kudhani kwamba gia ikigoma, meno yaliyomo ndani ya mguu ndiyo yameharibika. Mara nyingi lawama ni ya kebo, na kuifungua gia kabla ya kuikagua kebo ni kupoteza fedha bure.

Jinsi gia inavyofanya kazi

Mfano mzuri ni MerCruiser Alpha One, ambayo ingali inatumika kwa wingi. Ina kebo mbili. Ya kwanza hutoka kwenye mkono wa nahodha hadi kwenye kibao cha gia kilichofungwa juu ya injini. Ya pili, iitwayo kebo ya chini, huanzia kwenye kibao hicho, hupenya ubao wa tezi na kuingia mguuni. Huko huzungusha fimbo inayosukuma klachi ya meno iliyo karibu na propela.

Klachi ya meno haina kuingia nusu. Ama imeshika, ama imeachilia. Inapobeba mzigo wa propela, meno hukazana na hayatoki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, kibao cha gia kina swichi ndogo ambayo hukata umeme wa plagi kwa muda mfupi mno. Injini hulegea, meno huachana, kisha moto hurudi kabla injini haijazimika.

Volvo Penta nyingi, pamoja na MerCruiser aina ya Bravo, hutumia klachi ya umbo la pia iliyo sehemu ya juu ya mguu. Kwa kawaida hizo hazihitaji swichi hiyo. Hata hivyo, kebo yake isipokamilisha mwendo wake, klachi huteleza na kuungua.

Dalili na maana zake

Injini ya Alpha ikizimika kila gia inapotolewa, yamkini kebo ya chini imekuwa nzito kutokana na kutu au maji ya chumvi. Uzito huo huifanya swichi ikate umeme kwa muda mrefu kupita kiasi. Baadhi ya mafundi huongeza kasi ya chini ya injini ili isizimike. Hiyo si tiba. Nyingi za injini hizi za petroli zimekusudiwa kuzunguka kati ya mara 600 na 700 kwa dakika gia inapoingizwa. Zikizidi hapo, meno hugongana kwa nguvu na kulika. Aidha, kuing'oa swichi moja kwa moja humlazimu nahodha kuvuta mkono kwa mabavu.

Gia ikiruka na kutoa mlio wa kugongagonga boti inapovuta, ama kebo haijarekebishwa vyema, ama meno yamelika. Injini ikipiga kelele nyingi huku boti ikienda polepole, ikaguliwe propela yenyewe. Chora mstari mmoja unaovuka kitovu cha ndani na sehemu ya nje, kisha endesha boti. Mistari ikiachana, mpira wa ndani wa propela umelegea, na gia haina hatia.

Hatua za ukaguzi

Kwanza, zima injini na uondoe ufunguo. Fungua ncha za kebo zote mbili kwenye kibao cha gia, kisha usogeze mkono wa nahodha. Ukiwa mzito, tatizo liko kwenye mkono huo au kebo ya juu.

Pili, sogeza kebo ya chini kwa mkono huku mwenzako akizungusha propela polepole. Usilazimishe gia kuingia propela ikiwa imesimama, kwa kuwa meno yanaweza kukutana ncha kwa ncha.

Tatu, kebo ya chini ikiwa nzito, teremsha mguu na uijaribu tena ikiwa peke yake. Ikiendelea kuwa nzito, ibadilishwe. Ikiwa nyepesi, ndipo mguu ufunguliwe. Mguu wa Alpha hutolewa na kurudishwa gia ikiwa ya mbele. Vinginevyo fimbo za gia hazitakutana ipasavyo.

Nne, angalia mafuta ya gia. Rangi ya maziwa ni ishara ya maji, na vipande vya chuma ni ishara ya meno yanayovunjika.

Kebo mpya ifungwe pamoja na mpira mpya wa kuikinga na maji. Mpira huo uko chini ya usawa wa maji, na ukipasuka hauharibu kebo tu, bali unaweza kuizamisha boti ikiwa imetia nanga. Vipimo vya marekebisho vifuatwe kama vilivyo katika kitabu cha mashine husika.

Kabla ya kung'oa nanga

Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na boti nyingi za uvuvi wa michezo zikapandishwa nchi kavu, ndio wakati mwafaka wa kazi hii. Injini isiwashwe nchi kavu bila maji ya bomba, kwani pampu ya maji huungua upesi. Baada ya matengenezo, boti ifungwe kwa kamba imara na gia ijaribiwe mbele na nyuma mara kadhaa kwa kasi ya chini.

Jaribio hilo lirudiwe kila safari, kabla ya kukabili mlango wa mwamba au gati lenye watu. Gia ikikwama boti ingali inasonga, zima injini mara moja na uteremshe nanga. Propela isiyozunguka haisukumi chombo, hata kama gia imeng'ang'ania.