Kuganda kwa mabomba ya maji

Kuganda kwa mabomba ya maji ni hali ya maji yaliyomo ndani ya bomba kugeuka kuwa barafu kutokana na baridi iliyo chini ya 0°C. Hutokea hasa majira ya baridi katika nchi zilizo mbali na ikweta, na pia kwenye milima mirefu ya tropiki. Madhara yake makubwa ni kupasuka kwa bomba na nyumba kujaa maji.

Sababu ya kupasuka

Vimiminika vingi husinyaa vinapoganda, lakini maji huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Barafu ikiziba bomba huku koki imefungwa, maji yaliyobaki kati ya barafu na koki hukosa pa kwenda. Kadiri barafu inavyokua, shinikizo la maji hayo hupanda hadi bomba lipasuke. Ndiyo maana mara nyingi ufa huonekana mahali pasipo na barafu. Uvujaji hugunduliwa baadaye, barafu inapoyeyuka na maji kuanza kupita tena.

Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haina tatizo hili. Katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, baridi ya Juni na Julai husikika sana kwenye milima ya Umatengo, lakini haifikii kiasi cha kugandisha mabomba. Huko, na pia Kitai au mwambao wa Ziwa Nyasa, bomba la plastiki hufukiwa ili kulikinga na jua, jembe na moto wa mashambani.

Sakitu hutokea kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, wenye kimo cha takriban mita 2,600. Juu zaidi, katika Mlima Kilimanjaro, maji huganda usiku. Kituo cha Kibo, kilichopo kwenye takriban mita 4,700, hutegemea maji yanayobebwa na wapagazi kutoka chini.

Kinga

Katika nchi za baridi bomba kuu hufukiwa chini ya kina ambacho udongo huganda. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, bomba kuu kwa kawaida hufukiwa mita 2 au zaidi. Ndani ya nyumba hatua muhimu ni hizi:

- kufunika kwa sponji maalumu mabomba yanayopita darini, gereji na kwenye kuta za nje;
- kuacha koki idondoshe maji kidogo usiku wa baridi kali, ili shinikizo lisipande;
- kufungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la chumba lifikie bomba;
- kutozima kabisa kipasha joto wakati wa safari;
- kufunga koki kuu na kumwaga maji yote ikiwa nyumba itabaki bila joto.

Februari 2021 dhoruba ya baridi ilipiga Texas, jimbo lenye nyumba nyingi zisizojengwa kwa baridi ya namna hiyo. Mabomba mengi yalipasuka na mamilioni ya wakazi wakakosa maji salama.

Kuyeyusha

Kwanza hufunguliwa koki ya sinki, kisha bomba hupashwa joto polepole kwa vitambaa vya maji moto au kikausha nywele, kuanzia upande wa koki. Mwali wa moto haufai, kwa kuwa unaweza kuunguza nyumba. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi inayoua bila harufu. Bomba likiwa limepasuka, koki kuu hufungwa kabla ya kuyeyusha.