Mwamuzi Hemani

Nilipuliza tarumbeta kanisani Machame kwa miaka 11, na sifa tuliyoitafuta ilikuwa moja: kusikika ng'ambo ya korongo. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipowekewa santuri ya Black Dyke Mills, bendi ya kiwanda cha sufu cha Queensbury, Yorkshire, sikuamini kwamba ile ni shaba. Wapulizaji 25 hivi, lakini wanavuma kama akina mama wa kwaya waliofumba midomo.

Bendi hiyo ya kiwanda ilianza 1855, miaka 2 baada ya mashindano ya kwanza ya bendi za shaba kule Belle Vue, Manchester. Sehemu ya ulaini wake imo kwenye mrija. Mrija wa tarumbeta hauongezeki upana kwa sehemu kubwa ya urefu wake, basi sauti huchoma. Wa koneti, ala inayobeba tuni katika bendi hizi, hupanuka taratibu, na sauti hutoka nene na ya upole.

Lakini mrija haujipulizi. Walioupa pumzi ni wafumaji na wachimba makaa, baada ya zamu. Mazoezi waliyaanza kwa tenzi za kanisani, polepole, kila sikio likimtafuta jirani. Wenye sauti moja walipokezana pumzi: huyu akivuta, yule anashikilia.

Na mashindanoni, mwamuzi hufungiwa ndani ya hema asijue ni bendi gani inayopiga. Haoni sare wala kiongozi. Ana masikio na karatasi ya nota, basi. Hapo ndipo nilipozielewa zile santuri. Msikilizaji wa santuri naye yumo hemani. Watu hawa walizoea kumpigia mtu asiyewaona, na mashine ya kurekodi ilipokuja iliwakuta tayari.

Oktoba 1992 serikali ya Uingereza ilitangaza kufunga migodi 31 ya makaa, wa Grimethorpe ukiwamo. Siku chache baadaye bendi ya mgodi huo ilipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, ikatwaa ubingwa wa taifa. Waamuzi hawakuona nyuso za watu waliokuwa wakipoteza kazi. Walichopewa ni sauti, na sauti ilitosha.

Sasa nawafundisha vijana wa usharika wetu. Utenzi ukianza, nawapa mgongo, nafumba macho, nasikiliza.