Sheli, debe na taa ya njano

Haya jamani, nimerudi Dar. Nilikuwa nyumbani Mabogini siku nne. Nimekula ndizi, nimelala kama mtoto mchanga, na nimesukuma pikipiki gizani. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nikae niandike.

Ilikuwa hivi. Nilishuka stendi ya Moshi jioni, giza linaingia, nikachukua bodaboda. Kijana mstaarabu tu, umri kama wangu. Tukapita sheli ya kwanza, tukapita ya pili. Nikamwuliza kama mafuta yapo. "Yapo bro, tunafika." Tukauacha mji, tukaanza kuingia kwenye mashamba ya mpunga, pikipiki ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Wala hakushtuka. Akailaza ubavu, akaitikisa kama mtu anayetikisa chupa ya tomato iliyoisha, akaisimamisha, akapiga kiki. Ikawaka! Tukaenda kama mita mia tatu, ikazima tena. Rizevu alikuwa ameshaifungua tangu asubuhi. Basi tukasukuma, yeye kwenye usukani, mimi nyuma na begi la laptop mgongoni, vyura wakitushangilia majarubani, mpaka kwenye genge la mama mmoja. Alikuwa na stuli, na juu ya stuli kulikuwa na vitunguu, vocha, na chupa tatu za maji ya kunywa zilizojaa kitu ambacho si maji. Jamaa akaweka nusu lita. Ukipiga hesabu kwa lita, bei ilikuwa juu kuliko zile sheli mbili tulizozipita huku tukipiga stori.

Nyumbani nikamsimulia baba mdogo nikitegemea atacheka. Baba mdogo ameendesha malori tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, ameona kila aina ya gari likizimika kila aina ya mahali. Hakucheka. Yeye ana kawaida moja ambayo sisi watoto tumeifanyia utani miaka yote: geji ikishuka chini ya nusu, anajaza. Awe na haraka, awe na mgonjwa wa kumwahi, awe hana hela ya kula mchana, anajaza kwanza. Sikuwahi kumwuliza sababu. Safari hii nikamwuliza, akanijibu, na jibu lake nitalifikia. Ila ili lieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na hilo neno sheli. Bango linaweza kusema Puma, Oryx au Lake Oil, mtu wa Moshi atakwambia "nishushe pale sheli". Ni kama dawa ya meno inavyoitwa Colgate na dawa ya viatu Kiwi. Jina la kampuni moja, Shell, liliwahi kufika, likakaa midomoni, na halijatoka mpaka leo.

Lakini kabla ya pampu kulikuwa na debe. Mafuta ya taa na petroli yalikuwa yakisafirishwa kwa makopo ya bati ya galoni 4, yaani lita 18 na ushee, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na bidhaa za namna hiyo zilipanda nayo. Mwenye gari hakuwa na mahali pa "kupitia sheli". Alinunua makopo dukani, akayapakia, akamimina mwenyewe. Kopo likiisha halikutupwa. Likawa ndoo ya maji, likakunjuliwa likawa bati la kuezekea, likawa kipimo cha mahindi. Mpaka leo gunia linahesabiwa kwa debe, debe sita kwa gunia, na wale jamaa wanaokuvuta mkono stendi wanaitwa wapiga debe. Siasa nayo ikalichukua, mgombea anapigiwa debe. Nani anakumbuka kwamba yote hayo yalianza na kopo la mafuta?

Habari ya kununua mafuta dukani pia si ushamba wetu. Agosti 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari la mumewe, akawapakia wanawe wawili na kusafiri kilomita zaidi ya 100 kwenda kwa mama yake. Njiani mafuta yakapungua. Akaingia kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch akanunua kimiminika kilichokuwa kikiuzwa kwa ajili ya kusafishia. Duka lile leo linatajwa kama sheli ya kwanza duniani. Kwa hiyo yule mama wa genge letu, mwenye petroli karibu na vitunguu, yuko kwenye ukoo mzuri tu.

Na hapa kwetu? Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akaitoboa Afrika mpaka Swakopmund, pwani ya Atlantiki, alikofika Mei 1909. Alilazimika kupanga petroli imtangulie njiani, vituo kwa vituo, kwa sababu mbele hapakuwa na tone. Fikiria gari linaloitwa la kujiendesha, halafu mafuta yake yanatangulia kwa miguu ya watu.

Sasa tuje kwenye kipindi ambacho wazee wetu wakikitaja hushusha sauti.

Oktoba 1973 vita ikazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikakaza bomba, na pipa la mafuta lililokuwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha kusafisha mafuta, TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966. Lakini kiwanda hakisafishi hewa. Mafuta ghafi yalinunuliwa kwa dola, na dola zilitoka kwenye kahawa, pamba na mkonge. Kabla hatujapumua, Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa Jumuiya ikiwa inavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita inakunywa mafuta kuliko kitu chochote. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakapandisha bei tena, mpaka kupita dola 30 mwaka uliofuata. Nchi maskini ikapigwa ngumi nne mfululizo.

Matokeo yake barabarani yalikuwa foleni na vibali. Na kulikuwa na ile amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, magari binafsi marufuku kutembea. Waliokuwepo wanasimulia namna watu walivyotoka kanisani wakikimbizana na saa, wageni wakiaga na chakula bado kiko mezani. Harusi na misiba vikapangwa upya kwa kufuata saa nane. Huku kwetu, mpaka wa Holili uko karibu, magendo nayo yakashamiri. Sabuni, mafuta ya kupikia, na petroli ya kwenye madebe, vyote vikipitishwa usiku. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Ndipo tabia nyingi za madereva wetu zilipozaliwa. Lori halikuwa na geji inayofanya kazi, kwa hiyo utingo alikuwa na kijiti chake, anakitumbukiza ndani ya tenki na kusoma mstari wa unyevu kama daktari. Anayetoka Marangu au Kibosho alikuwa akitoa gia na kuliachia gari literemke lenyewe mpaka mjini. Hatari tupu, breki zinachemka, lakini mafuta yanabaki. (Sisi wa Mabogini tuko tambarare, mlima haujawahi kutupa hata mita moja ya bure.) Kila dereva alikuwa na kipande cha mpira, na karibu kila dereva amewahi kumeza petroli akivuta kwa mdomo kutoka gari moja kwenda jingine. Na aliyeweza, alificha.

Babu yangu alificha. Alikuwa na Land Rover kuukuu, na chini ya kitanda chake aliweka debe moja la petroli. Ndiyo, chini ya kitanda, nyumba ina koroboi, msiniulize. Debe lile lilikuwa la dharura, na nyumba nzima ilijua haliguswi. Jumamosi moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, jirani akaja. Ana harusi, bibi harusi yuko upande wa mlimani, gari limepatikana lakini halina mafuta. Akaomba sana. Babu akatoa. Harusi ni harusi, na jirani ni jirani, angerudisha wiki ikianza.

Jumapili jioni shangazi akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Land Rover ilikuwa uani. Funguo zilikuwa mfukoni kwa babu. Baba mdogo, akiwa kijana wa miaka kumi na tano, alichukua kijiti akakitumbukiza kwenye tenki, kikatoka kikavu. Wakakimbilia barabarani kusimamisha gari lolote, na barabara ilikuwa nyeupe, maana saa nane ilishapita zamani. Wakamlaza kwenye mkokoteni. Baba mdogo na vijana wengine wawili wakasukuma kuelekea mjini, wakipokezana, mpaka walipokutana na lori. Shangazi alipona, yuko hai, ndiye aliyenipikia ndizi wiki iliyopita. Mtoto hakuwahi.

"Tangu siku ile," baba mdogo akaniambia, "nikiona geji iko nusu naona mkokoteni."

Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote na hii ndiyo mara ya kwanza ninaisikia. Shangazi sikuthubutu kumwuliza.

Mengine mengi mnayajua. Mwaka 2000 biashara ya mafuta ikaachiwa soko huria, sheli zikaota kila kona ya barabara kuu, TIPER ikaacha kusafisha na kubaki maghala. Foleni zikaisha, likaja jipya: mafuta ya taa, ambayo yalikuwa na kodi ndogo, yakawa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli. Ndipo tulipojifunza neno kuchakachua, na ulipofika uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura. Serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka huohuo, na katika bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita. Mchezo ukapungua kweli, lakini bili nani alilipa? Bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Halafu Agosti 2011. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. EWURA ilishusha bei, kampuni za mafuta zikagoma kuuza, nchi ikasimama kwa siku kadhaa. Bunge lilikuwa linaendelea Dodoma, wabunge wakawaka, na BP Tanzania ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu. Mji wa Moshi ulikuwa kimya. Baba mdogo peke yake ndiye alikuwa na mafuta mtaani kwetu, na hakumwazima mtu hata tone. Tulimwona mchoyo. Leo naona aibu kidogo.

Turudi kwa yule kijana wa bodaboda, maana nilitaka kumsema na nimeshindwa. Nilimwuliza wakati tunasukuma, kwa nini hajazi? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Pikipiki si yake. Jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, na usiku anaichukua mwenzake. Akiacha lita tatu kwenye tenki, amemzawadia mwenzake lita tatu. Kwa hiyo kila siku anapiga mahesabu ili imalizike mikavu kabisa, na mwenzake anafanya hivyohivyo alfajiri. Abiria wa mwisho wa jioni anabahatisha. Siku hiyo nilikuwa mimi.

Nikawaza makala zote tunazoandika mjini kuhusu "elimu kwa waendesha bodaboda". Huyu anajua kila tone lilipo, elimu ya ziada itamsaidia nini?

Na zile chupa je? Petroli kwenye chupa ya plastiki, karibu na jiko la mkaa, ni moto unaosubiri siku. Tuliona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Ndiyo sababu REA imekuwa ikitoa mikopo kwa watu wajenge sheli ndogo vijijini, ili biashara itoke kwenye stuli iende kwenye pampu. Nakubaliana nayo. Ila sheli haiwezi kuja kila penye pikipiki iliyozimika, na yule mama anauza nusu lita saa mbili usiku kwa mtu mwenye noti moja mfukoni. Ukimfungia leo, kesho nasukuma mpaka nyumbani.

Jumanne baba mdogo alinisindikiza stendi kwa kipikapu chake. Nikachungulia geji, ilikuwa juu ya nusu kidogo. Hata hivyo akakata kona akaingia sheli. Kijana wa pampu akauliza, "Ya ngapi mzee?"

"Jaza."

Zikaingia lita chache tu, pampu ikakata. Baba mdogo akahesabu hela polepole, akafunga mfuniko mwenyewe, akautikisa kuhakikisha. Nyuma yetu walikuwa wamepanga foleni bodaboda watatu, injini zimezimwa, wa kwanza ameshafungua tenki na ameshika noti ya elfu mbili.