Philip Waruinge na Nyumba ya Ngumi

Katika historia ya michezo ya Afrika Mashariki wakimbiaji wamesifiwa sana, na hiyo ni haki yao. Wapigana ngumi wamesifiwa kwa uchache. Miongoni mwao yumo Philip Waruinge, mtu wa Nakuru katika Kenya, aliyejipatia jina akiwa mpiganaji wa ridhaa chini ya bendera ya nchi yake, kisha akamalizia kazi yake Japani akiwa mpiganaji wa malipo, kwa jina la Waruinge Nakayama. Insha hii yauliza swali moja juu ya maisha hayo: mikono ilikuwa ya Waruinge, lakini nyumba ya ngumi ilikuwa ya nani? Swali hili si la Nakuru peke yake. Lawahusu pia watu wa Nachingwea na Ruangwa, kwa njia itakayoonekana mbele.

Waruinge alifika Tokyo mara ya kwanza mwaka 1964, katika Michezo ya Olimpiki, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Alirudi bila nishani. Mwaka 1966, huko Kingston, alitwaa nishani ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa unyoya, na mwaka 1970 akaitwaa tena Edinburgh. Katikati ya ushindi huo palikuwa na Mexico, mwaka 1968. Huko alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji wa nchi, kwa kura tatu za waamuzi dhidi ya mbili, akaambulia shaba. Lakini wakuu wa mchezo walimpa tuzo ya Val Barker, ambayo hupewa mpiganaji aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika mashindano. Ni nadra tuzo hiyo kumwendea mtu asiyetwaa dhahabu. Mwaka 1972, Munich, alifika fainali, akashindwa na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti kwa kura tatu kwa mbili vilevile. Basi kati yake na dhahabu ya Olimpiki palisimama, mara mbili, kalamu ya mwamuzi mmoja.

Mwaka 1973 akaenda Japani kupigana kwa malipo. Watu wawezao kumlaumu kwa hilo na wafikiri kwanza juu ya hali ya ngumi nyumbani. Katika Kenya ya siku hizo mchezo ulibebwa na jeshi, polisi, magereza na makampuni makubwa. Hao walimpa kijana mshahara, chakula na nafasi ya kufanya mazoezi. Nao walistahili shukrani. Lakini sheria za Olimpiki wakati ule zilimkataza mpiganaji wa ridhaa kupokea fedha za pambano. Mtu aliweza kushinda dunia nzima na kurudi kwenye kazi yake ya jana, na umri wa ngumi ni mfupi kuliko umri wa kazi yoyote nyingine.

Tanzania inao mfano wake. Katika michezo ileile ya Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati akatwaa nishani ya fedha. Aliyemshinda alikuwa kijana wa Liverpool, John Conteh. Conteh akaingia katika ngumi za malipo, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Tofauti ya watu wawili hao usiku ule wa Edinburgh ilikuwa ni ya raundi tatu. Tofauti iliyofuata ilikuwa ni ya nchi mbili. Mmoja alikuwa na nyumba ya kuingilia, yenye walimu, wenye mtaji, kumbi na watazamaji wanaolipa kiingilio. Mwingine hakuwa nayo.

Japani ilikuwa nayo, lakini haikuipata tangu azali. Ilijengwa, na mjenzi wa kwanza anajulikana. Yujiro Watanabe, aliyezaliwa mwaka 1889 katika mkoa wa Tochigi, alivuka bahari akiwa kijana kwenda California, akajifunza ngumi huko na kupigana kwa malipo. Mwaka 1921 alirudi kwao. Hakurudi na mkanda wa ubingwa wa dunia. Alirudi na maarifa ya kazi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alifungua chama chake cha ngumi katika mtaa wa Meguro, Tokyo, akafundisha vijana, kisha akawaandalia mapambano ya hadhara. Kwa hiyo mpiganaji akageuka mwalimu, na mwalimu akageuka promota, yaani mwandaaji wa mapambano. Miongoni mwa waliolelewa katika nyumba hiyo alikuwa Tsuneo Horiguchi, ambaye Wajapani walimpa lakabu ya Piston.

Toka hapo kazi ikaendelea kwa mfululizo. Mwaka 1952 Wajapani waliunda kamisheni yao ya ngumi, na mwaka huohuo Yoshio Shirai akawa bingwa wao wa kwanza wa dunia. Mwaka 1962 palifunguliwa ukumbi wa Korakuen, ambao umekuwa kama ikulu ya mchezo huo. Mwaka uleule Masahiko Harada, aitwaye Fighting Harada, alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa inzi, na mwaka 1965 akamshinda Éder Jofre wa Brazili katika uzito wa bantamu. Alipostaafu hakutoweka: alifungua nyumba yake ya mazoezi, na baadaye akawa mkuu wa chama cha wenye nyumba hizo. Huu ndio utaratibu wa Kijapani: mpiganaji huingia katika mchezo kupitia nyumba ya mazoezi, mwenye nyumba ndiye msimamizi wake, na aghalabu ndiye promota pia. Wengi wa wenye nyumba ni wapiganaji wa jana. Jasho la mzee huwa mtaji wa kijana.

Katika utaratibu huo ndimo alimoingia Waruinge. Alipewa alichokikosa kwao: mazoezi, mapambano na malipo. Mwaka 1976 alipata nafasi mbili za kupigania ubingwa wa dunia. Tarehe 3 Aprili alikutana na Rigoberto Riasco katika Panama, akashindwa. Tarehe 13 Novemba alikutana na Carlos Zárate katika Mexico, akashindwa katika raundi ya nne. Zingatia mahali penyewe. Riasco alikuwa mtu wa Panama na Zárate mtu wa Mexico. Mtu wa Nakuru alipigana ugenini mara zote mbili, naye alitoka Japani, ambako pia alikuwa mgeni. Miaka miwili baadaye aliacha ngumi.

Hata hivyo tusiseme kwamba mgeni hawezi kushinda. Ayub Kalule wa Uganda, aliyekuwa akipigana chini ya promota Mogens Palle wa Denmark, alikwenda Akita mwezi wa Oktoba 1979 akamnyang'anya Masashi Kudo ubingwa wa dunia mbele ya Wajapani wenzake. Kwa hiyo kosa halikuwa katika safari. Watanabe naye alisafiri. Tofauti ni kwamba safari ya Watanabe ilizaa nyumba kwao, na safari za Waruinge na Kalule zilizidi kuzinawirisha nyumba za wengine. Wala lawama si ya mtu mmoja mmoja: Watanabe alirudi katika mji mkubwa wenye fedha na viwanda, na watu wa kununua tiketi. Mpiganaji peke yake hawezi kuumba soko.

Hapa ndipo Nachingwea na Ruangwa zinapoingia. Wilaya hizi hulima korosho, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imesafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda Bara Hindi, ikabanguliwe huko. Kiwanda cha kubangulia kiliwahi kujengwa Nachingwea, lakini kiwanda bila utaratibu wa kukiendesha ni kuta tu. Mkulima hupata bei ya ghafi. Faida ya kubangua hubaki kwa mwenye mashine. Waruinge alikuwa korosho bora kuliko zote za msimu wake, na nyumba ya kubangulia ilikuwa Tokyo.

Nachingwea yajua pia kwamba nyumba iliyojengwa na mgeni kwa haja yake huondoka naye. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa katika miaka ya 1960. Lakini Ruangwa imetoa mfano wa kinyume chake. Namungo, timu ya mpira ya wilaya hiyo, ilipanda Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu ilikuwa na uwanja wake Ruangwa, na watu wa kuujaza. Wageni walilazimika kuja kusini. Kijana wa Ruangwa aliweza kuwaona wachezaji wa Ligi Kuu bila kupanda basi la Dar es Salaam.

Mpira si ngumi, lakini kanuni ni moja. Kipaji ni mbegu, na mbegu hutoka popote, Nakuru au Nachingwea. Anayevuna ni mwenye ghala. Wanafunzi wa historia wanapoandika juu ya mabingwa wetu wasihesabu nishani tu. Waulize pia nani aliandaa pambano, nani alishika fedha ya mlangoni, na bingwa alipostaafu alimwachia nani ulingo. Juu ya Waruinge majibu ya maswali hayo yako nje ya nchi yake. Juu ya kijana atakayefunga glavu zake leo kusini mwa Tanzania, majibu bado hayajaandikwa.