Ada ya Kuanzia Kazi

Miaka ya 1930, mdororo wa uchumi ulipoifikisha Marekani mahali ambapo karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira, watu walikutana na tangazo dogo gazetini: jipatie fedha ukiwa nyumbani kwa kutia barua kwenye bahasha. Ujuzi hauhitajiki. Tuma ada kidogo tu.

Aliyetuma ada hakuletewa bahasha hata moja. Aliletewa karatasi ya maelekezo: nawe weka tangazo kama lile ulilolisoma, na atakayekutumia ada, mpelekee karatasi kama hii. Kazi ndiyo hiyo. Sheria ya kuzuia utapeli kwa njia ya posta ilikuwapo tangu 1872, lakini tapeli alibadili jina na anwani, akaanza upya.

Kinachouma ni kwamba walionaswa hawakuwa wavivu. Walikuwa wakitafuta kazi.

Tanzania mchezo huo uliingia kwa lugha ya shamba. DECI, taasisi iliyoendeshwa na wachungaji, haikuahidi ajira bali mavuno: mwanachama "alipanda mbegu", kisha "akavuna" fedha zilizotoka mifukoni mwa waliopanda nyuma yake. Serikali iliisimamisha 2009, na 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Simu janja zilipoenea, ile kazi ya bahasha ilirudi. LBL, kwa kirefu Leo Beneath London, iliwapa watu kazi ya kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Kwanza ulilipa kiingilio; kiingilio kikiwa kikubwa, na ujira mkubwa; ukileta wengine, unaongezewa. Wa mwanzo walitoa fedha kweli, wakawaonyesha wenzao meseji ya muamala. Meseji ile ilikuwa na nguvu kuliko tangazo lolote la gazeti, maana aliyeishika mkononi alikuwa shemeji, au jirani wa mlango wa pili, mtu ambaye huwezi kumwita tapeli. Naye hakuwa tapeli, aliamini.

Februari 2025 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kwamba LBL haina leseni, na polisi wakaanza kukamata watu mikoani. Filamu zilikuwa zimeshatazamwa, siku baada ya siku, kama walivyoagizwa. Malipo ndiyo hayakutoka.