Maji husukumwa au hukokotwa?

Majuzi msomaji mmoja alitaka nimpe kitenzi mwafaka cha kueleza kinachoyapata maji kitu kinapopita ndani yake. Nilijibu upesi: husukumwa. Kumbe nilikosea, na ni historia ya sayansi iliyonisuta.

Neno ‘kusukuma’ humfanya mtu adhani kwamba kitu hutenga maji kando, kisha kikishapita, maji hurudi palepale yalipokuwa. Mnamo 1953 mwanafizikia Mwingereza Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin wa nadharia ya mageuko, alionyesha kwa hesabu kwamba sivyo. Hata katika kiowevu cha kudhaniwa tu, kisicho na mnato wowote, tufe likipita huacha sehemu ya kiowevu imesogea kule lilikoelekea. Ujazo unaohamishwa hivyo ni nusu ya ujazo wa tufe lenyewe.

Lakini hebu tujiulize: ni kiowevu gani cha kawaida kisicho na mnato? Asali inao, uji unao, hata maji yanao. George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland, alikuwa ameshalichambua suala la mnato mnamo 1851. Katika hesabu zake, kiowevu kinachogusa tufe hushikamana nalo na kwenda nalo. Tabaka hilo nalo huvuta la pili, la pili likavuta la tatu. Ndiyo maana kijiko kikipita polepole katika asali, hata asali isiyoguswa hujongea.

Mnamo 2009 Kakani Katija na John Dabiri walichapisha utafiti wao kuhusu yavuyavu, wale viumbe laini mfano wa mwavuli, katika ziwa moja la visiwa vya Palau, Bahari ya Pasifiki. Walimwaga rangi mbele ya wanyama hao, nayo rangi ikasafiri nao. Walihitimisha kwamba mnato huongeza kiasi cha maji yanayobebwa, na kwamba huenda waogeleaji hao wanachangia kuchanganya maji ya bahari.

Basi namwomba radhi msomaji wangu. Jibu ni hukokotwa, na tukio lenyewe tuliite ‘mkokoto’. Mwanafunzi akifunzwa ‘kusukuma’ pekee, atabaki akiamini eti maji yalirudi yalikotoka. Isitoshe, ‘mnato’ latokana na ‘kunata’, na kinachonata, sote twajua, hakiachi kinachopita kiende peke yake.